Waya wa Spika kwa Amplifaya ya Gari: Kuchagua Unene Usiounguza

Ukiingia duka la vifaa vya redio pale Mwanga, Kigoma, au mjini Tabora, ukasema una amplifaya ya wati 2000, mara nyingi utavutiwa roli la waya wa plastiki angavu na kuambiwa "huu unabeba yote." Unene unaouona hapo ni wa plastiki. Kinachobeba umeme ni nyuzi za ndani, na nyuzi hizo zinaweza kuwa chache kuliko za waya mwembamba uliowekwa rafu ya chini.

Waya mwembamba hauzimi muziki. Spika ikipata wati 400 badala ya 500, sikio halioni tofauti yoyote ya maana. Wati zilizopotea zinageuka joto chini ya zulia, palepale penye vumbi, karatasi za peremende na sponji ya siti. Ndiyo maana unene wa waya wa spika huchaguliwa kwa hesabu na si kwa kusikiliza. Hesabu yenyewe ni fupi, mwanafunzi wa kidato cha pili anaiweza.

Vitu vya kuwa navyo: maltimita, tepu ya kupimia ya mita 5, kamba, rula yenye milimita, kisu kidogo, kikokotoo cha simu.

Hatua ya 1: Jua omu ambazo amplifaya itaziona

Omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyozuia umeme kupita. Spika nyingi za milango ya gari ni omu 4. Bufa (spika kubwa za besi) za kwenye buti huwa omu 4 au 2, na nyingine zina koili mbili, kila moja na jozi yake ya vituo vya kufungia waya. Hapo ndipo watu wanapopotea, kwa sababu bufa ileile inaweza kuwa omu tofauti kulingana na ulivyoiunga. Koili mbili za omu 4 zikiungwa sambamba (chanya na chanya, hasi na hasi) zinakuwa omu 2. Zikiungwa mfululizo (hasi ya kwanza kwenye chanya ya pili) zinakuwa omu 8. Bufa mbili za omu 2 zikiwekwa sambamba ni omu 1, na kwa omu 1 waya unapaswa kuwa mnene mara nne ya ule wa omu 4 kwa umbali uleule.

Usiamini karatasi peke yake. Weka maltimita kwenye omu, gusanisha ncha zake mbili kwanza usome inaonyesha ngapi (mara nyingi 0.2 hadi 0.5), kisha pima spika na utoe kiasi hicho. Spika ya omu 4 itasoma kama 3.2 hadi 3.6, nayo ni nzima. Ikisoma chini ya 2.5 wakati mgongoni imeandikwa 4, koili imeungua kwa ndani au ulichonunua si cha omu 4. Isiposoma kabisa, koili imekatika.

Kwenye hesabu zinazofuata tumia omu zilizoandikwa (4, 2, 1), si zile ulizopima.

Hatua ya 2: Tafuta wati za kweli

Wati zilizoandikwa kwenye boksi ni za kuuzia. Tazama fyuzi zilizochomekwa ubavuni mwa amplifaya, zijumlishe, kisha zidisha kwa 13.8, ambazo ni volti za gari injini ikiwa inawaka. Hizo ni wati zinazoingia. Zinazotoka ni pungufu: amplifaya za daraja D hutoa kama asilimia 80, zile za daraja AB kama asilimia 55. Daraja huandikwa kwenye karatasi ya maelekezo au ubavuni.

Mfano: boksi limeandikwa wati 3000, fyuzi ni moja ya ampea 30. Zinazoingia ni 30 × 13.8 = wati 414. Kama ni daraja D, spika zitapata kama wati 330. Kama ni AB, kama wati 230. Kilichobaki ni rangi ya boksi.

Redio ya dashibodi iliyoandikwa "50W × 4" nayo ni vivyo hivyo. Kila njia (jozi moja ya vituo vya spika) inatoa wati 15 hadi 20 za kweli.

Ukishajua wati za kila njia, tafuta ampea: gawa wati kwa omu, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Wati 60 kwa omu 4 ni kipeuo cha pili cha 15, yaani karibu ampea 3.9. Wati 500 kwa omu 2 ni kipeuo cha pili cha 250, karibu ampea 15.8. Wati 1000 kwa omu 1 ni karibu ampea 31.6. Linganisha hizo mbili za mwisho: wati zimeongezeka mara mbili, ampea nazo zimeongezeka mara mbili, kwa sababu omu zimeshuka. Mwenye amplifaya ya wati 1000 kwa omu 4 angekuwa na ampea 15.8 tu.

Hatua ya 3: Pima njia, usikadirie

Chukua kamba, ipitishe palepale waya utakapopita: kutoka amplifaya chini ya siti, pembeni ya kizingiti cha mlango, juu ya nguzo, ndani ya mpira wa mlango, hadi kwenye spika. Kisha pima kamba. Kwenye Probox, spika ya mlango wa mbele ambayo kwa macho iko mita moja na nusu kutoka amplifaya huweza kula mita 3 au 4. Kwenye Hiace, kutoka chini ya siti ya mbele hadi bufa la nyuma ni mita 5 kwa wepesi. Ongeza sentimita 30 kila upande za kufungia na kufungulia siku ya matengenezo.

Urefu unaoutumia kwenye hesabu hapa chini ni wa njia moja. Kwenda na kurudi kumeshahesabiwa ndani ya namba.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya unene

Waya wa kopa wenye eneo la milimita moja ya mraba una ukinzani wa takriban omu 0.0175 kwa kila mita. Tukikubali ukinzani wa waya usizidi asilimia 5 ya omu za spika, hesabu yote inajikunja na kuwa hivi:

Spika za milango: unene (milimita za mraba) = 0.7 × urefu kwa mita ÷ omu

Bufa: unene = 1.4 × urefu kwa mita ÷ omu

Namba ya bufa ni mara mbili kwa makusudi. Besi ndiyo inayokula ampea kwa muda mrefu, na bufa likidhibitiwa kupitia waya mrefu mwembamba huendelea kutikisika kidogo baada ya pigo kuisha. Asilimia 2.5 inatosha. Kwenda chini ya hapo ni kumpa hela muuza waya.

Probox, mlango wa mbele, omu 4, mita 4: 0.7 × 4 ÷ 4 = 0.7. Hakuna haja ya zaidi ya waya wa 1.0. Ukipata 1.5 kwa bei nzuri, chukua.

Noah, bufa la omu 2, amplifaya imefungwa kwenye mgongo wa siti ya nyuma, waya mita 1.5: 1.4 × 1.5 ÷ 2 = 1.05. Hesabu inasema 1.5, lakini subiri hatua inayofuata kabla hujanunua.

Hiace, bufa la omu 2 chini ya benchi la nyuma, amplifaya mbele, mita 5: 1.4 × 5 ÷ 2 = 3.5. Nunua waya wa 4. Au hamisha amplifaya nyuma ufupishe waya wa spika, urefushe ule wa betri, ambao hata hivyo lazima uwe mnene.

Kila mara panda kwenye saizi ya dukani iliyo juu ya jibu: 0.75, 1.0, 1.5, 2.5, 4, 6, 10. Waya wa kutoka nje huandikwa kwa geji ya Kimarekani, ambayo namba kubwa ni waya mwembamba: geji 18 ni milimita za mraba 0.8, geji 16 ni 1.3, geji 14 ni 2.1, geji 12 ni 3.3, geji 10 ni 5.3.

Hatua ya 5: Linganisha na joto

Hesabu ya juu inalinda sauti. Waya mfupi unaweza kuipita kirahisi huku ukiwa mwembamba mno kwa ampea, kwa hiyo kuna mlango wa pili wa kupita.

Waya laini wa kopa wenye ganda la PVC, kwa viwango vya nyaya za nyumbani hewa ikiwa nyuzi joto 30, unaruhusiwa ampea 6 kwa 0.75, ampea 10 kwa 1.0, ampea 16 kwa 1.5, ampea 25 kwa 2.5 na ampea 32 kwa 4. Lakini PVC ya kawaida imetengenezwa kuvumilia nyuzi joto 70, na gari lililoachwa juani Tabora mwezi wa kumi, madirisha yamefungwa, huanza safari ndani yake kukiwa tayari nyuzi 50 au zaidi. Nafasi iliyobaki ya kupanda joto ni nusu ya ile ya hewa ya nyuzi joto 30. Kwa hiyo punguza karibu theluthi: hesabu ampea 4 kwa 0.75, 7 kwa 1.0, 11 kwa 1.5, 17 kwa 2.5, na 22 kwa 4.

Sasa rudi kwenye ile Noah. Wati 500 kwa omu 2 ni ampea 15.8. Waya wa 1.5 umeishia 11. Nunua 2.5. Wa Probox, akiwa na wati 60 kwa omu 4 (ampea 3.9) kwenye waya wa 1.0, hana shida.

Kwa wati 1000 na omu 1 (ampea 31.6), hata waya wa 4 hautoshi peke yake. Tumia jozi mbili za 4 zilizo sawa urefu, ziungwe pamoja ncha zote mbili, au tumia 10. Jozi zisipolingana urefu, ile fupi inabeba zaidi.

Kuna watakaosema muziki si umeme wa pasi, unapanda na kushuka, wastani wake uko chini sana ya wati za juu. Ni kweli kwa muziki safi. Amplifaya ikifunguliwa mpaka inakoroma, mawimbi yake yanakatwa kichwa na wastani unapanda mara kadhaa. Na daladala la mnada halijulikani kwa kufungua sauti nusu.

Angalia madhara kwa namba. Ile Hiace ya mita 5, wati 500, omu 2, mtu akaweka waya wa 0.75: ukinzani ni omu 0.23, na waya unakula karibu wati 47 sauti ikiwa juu kabisa. Kama waya huo ni wa aluminiamu iliyopakwa kopa, unakula karibu wati 66. Ni kama wati 13 kwa kila mita, zimefungiwa chini ya zulia. Na aliyekaa mbele bado anasikia besi vizuri tu.

Hatua ya 6: Dukani, hakikisha unachonunua ni kopa

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Waya mwingi wa spika unaouzwa kwa roli ni aluminiamu yenye ngozi nyembamba ya kopa. Si haramu kuutumia, ila ukinzani wake ni kama mara 1.6 ya kopa tupu. Jibu lako la hatua ya 4 lizidishe kwa 1.6 kabla ya kuchagua saizi: Hiace iliyotaka 3.5 sasa inataka 5.6, yaani waya wa 6. Kwenye hatua ya 5 pia panda saizi moja.

Namna ya kuutambua, kuanzia rahisi:

Kwangua. Mwombe muuzaji kwa heshima, "Kaka, naomba unichunie ncha kidogo." Shika uzi mmoja, ukwangue kwa kisu kwenye kucha ya dole gumba. Ukiona weupe chini ya wekundu, ni aluminiamu. Kinyume chake pia kipo: waya mweupe nje ambao ukikwangua unatoka mwekundu. Huo ni kopa iliyopakwa bati, na ni mzuri kuliko yote kwa gari linaloshinda pwani ya ziwa, Ujiji au Kibirizi, kwa sababu hauoti ukungu wa kijani haraka.

Pima uzito. Mita 100 za kopa tupu ya 1.5, waya mmoja, zina kopa yenye uzito wa kilo 1.3 bila plastiki. Jozi ni kilo 2.7. Roli la jozi ya 1.5 linalobebeka kwa vidole viwili halina kopa hiyo. Maduka ya jumla yana mizani, waombe.

Choma. Uzi mmoja kwenye moto wa kiberiti cha gesi: aluminiamu hulegea na kukatika, kopa huwa nyekundu na kubaki imesimama. Fanya nje, na kwa uzi mmoja tu.

Sumaku. Kopa na aluminiamu hazinaswi. Uzi ukinasa, ni chuma kilichopakwa rangi ya kopa. Uache hapo hapo.

Ukishajua ni kopa, hesabu nyuzi. Chukua uzi mmoja, uzungushe mara 20 kwenye msumari, mizunguko ikibanana bila kupandana, pima upana kwa rula. Upana wa milimita 4 maana yake kipenyo cha uzi ni milimita 0.2. Eneo la uzi mmoja ni 0.785 × kipenyo × kipenyo, hapa 0.0314. Zidisha kwa idadi ya nyuzi. Waya halali wa 0.75 una nyuzi 24 za 0.2. Wa 1.5 una nyuzi 48 za 0.2, au 30 za 0.25. Wa 2.5 una nyuzi 50 za 0.25. Wa 4 una nyuzi 56 za 0.3. Ukihesabu nyuzi 30 za 0.2, una milimita za mraba 0.94, hata kama ganda limeandikwa 2.5 kwa herufi za dhahabu. Ulipe kama wa 1.0 au uuache.

Waya wa spika wenye jina si lazima. Waya laini wa umeme wa nyumbani, ule wa nyuzi nyingi wa kuungia pasi na feni, wa 1.5 au 2.5, ukiwa kopa halali unafanya kazi ileile kwa bei nafuu, na ganda lake huwa gumu zaidi. Usiotakiwa ni waya mgumu wa ukutani, wa uzi mmoja au nyuzi saba nene. Barabara ya vumbi yenye mawimbi huukata kwenye kituo cha spika, na kwenye bawaba za mlango hata mwezi haumalizi.

Hatua ya 7: Kupitisha waya

Toa kituo hasi cha betri kwanza.

Pitisha waya wa spika ubavu mmoja wa gari na waya mkubwa wa betri ubavu mwingine. Nyaya za kupeleka mawimbi kutoka kwenye redio zipite na za spika. Zikikaa na wa betri zitaleta mlio unaopanda na kushuka na injini.

Kila tundu la bati unalopitisha waya livishwe mpira. Bati lililotobolewa kwa drili lina meno, na mtikisiko unalifanya msumeno. Waya wa spika ukichubuka na kugusa bodi, amplifaya nyingi zinapata shoti papo hapo, hasa ikiwa njia zake mbili zimeunganishwa kuendesha spika moja (mfumo wa daraja, si daraja la D au AB), ambapo hakuna waya hata mmoja kati ya hiyo miwili ulio sawa na bodi. Redio za dashibodi ni vivyo hivyo: waya zote mbili za spika zina karibu volti 6 kwa bodi hata muziki ukiwa kimya. Usiunge kamwe hasi ya spika kwenye bodi ili kuokoa waya.

Mlangoni, pita ndani ya ule mpira wa asili unaounganisha nguzo na mlango. Ni kazi ya kuudhi. Legeza mpira pande zote mbili, tanguliza waya wa chuma wa kuvutia, paka sabuni ya maji, vuta taratibu. Usipake mafuta ya mawese wala grisi, mafuta hulainisha na kuvimbisha mpira, kisha yanakusanya vumbi. Acha mkunjo mdogo ndani ili mlango ukifunguka wote waya usivutike. Fungua na kufunga mara kadhaa huku ukiangalia kabla hujarudisha paneli.

Usibane waya chini ya reli ya siti. Siti ikisogezwa mbele na abiria mzito juu yake, ganda linakwisha.

Magari ya kubeba dagaa na mawese yana tatizo la ziada kwenye buti: maji ya chumvi na mafuta yanayomwagika. Inua amplifaya na maungio yote angalau sentimita 5 juu ya sakafu, kwenye ubao, na waya ushuke kwanza kabla ya kupanda kwenye kituo ili matone yaishie chini.

Hatua ya 8: Kufunga ncha

Chuna ganda sentimita 1 tu. Usikate nyuzi ili waya uingie kwenye tundu dogo la kituo. Ukikata nyuzi 20 kati ya 50, pale kwenye kituo umebaki na waya wa 1.5, na hapo ndipo patakapopata moto kwanza, kwa sababu panashika pia ukinzani wa mguso. Waya ukigoma kuingia, vika pini ya kubana inayolingana nao, au badilisha kituo.

Kwenye spika, tumia vishikio bapa vya kubana kwa koleo lake. Mguu mpana ni chanya, mwembamba ni hasi. Kulehemu kwa risasi kunakubalika, ila risasi hupanda ndani ya nyuzi na kuufanya waya uwe mgumu. Ufunge kwa kibano sentimita 3 kutoka kwenye kiungo usitikisike. Kusokota na kufunga tepu si kiungo. Gundi ya tepu inayeyuka kwa joto, tepu inateleza, na waya unabaki uchi.

Waya wa aluminiamu uliopakwa kopa hulegea taratibu chini ya skrubu. Kaza tena baada ya wiki moja, kisha kila unapomwaga oili.

Kama hujui chanya na hasi ya bufa, gusa kwa betri ndogo ya 1.5 volti, sekunde moja tu. Koni ikitoka nje, upande wa chanya wa betri umegusa chanya ya bufa. Usifanye hivyo kwa tuita (spika ndogo ya sauti nyembamba).

Hatua ya 9: Pima kabla ya kuunga kwenye amplifaya

Nyaya zikiwa zimefungwa kwenye spika lakini bado ziko huru upande wa amplifaya:

Pima omu kati ya chanya na hasi. Inapaswa kuwa ile ya spika uliyopima mwanzo, ikizidi kidogo sana. Ikizidi kwa nusu omu, kuna kiungo kibaya.

Pima kila waya na bodi ya gari. Maltimita isisome chochote. Fungua na kufunga milango, sogeza siti, tikisa waya huku ukitazama kioo cha maltimita. Namba ikitokea hata kwa kupepesa jicho, kuna mahali pamechubuka. Tafuta kabla hujaendelea.

Pima waya wa spika moja na wa nyingine. Zisiwe zinagusana.

Fyuzi ya amplifaya haitakuokoa hapa. Fyuzi ya ampea 60 inalinda waya wa betri, haijui lolote kuhusu waya wa 1.0 ulioko mlangoni. Amplifaya nzuri hujizima yenyewe ikipata shoti. Za bei ya chini wakati mwingine huwaka moshi kwanza.

Hatua ya 10: Jaribu kwa mzigo

Washa injini. Piga muziki wenye besi kwa sauti unayokusudia kuitumia, dakika 20. Kisha punguza sauti na pitisha mkono: kwenye vituo vya amplifaya, katikati ya waya, kwenye mkunjo wa mlango, kwenye vituo vya bufa. Waya usitofautiane na bati la jirani. Ukiwa na joto sehemu moja tu, hicho ni kiungo kilicholegea. Ukiwa na joto urefu wote, ni mwembamba au ni aluminiamu iliyouzwa kama kopa.

Amplifaya ikijizima besi inapopiga, usikimbilie waya wa spika peke yake. Pima volti kwenye vituo vya betri vya amplifaya wakati huohuo. Zikishuka chini ya 12 na injini inawaka, tatizo ni waya wa betri, bodi au altaneta.

Waya wa betri na magari ya volti 24

Waya wa betri ni hesabu nyingine, lakini usiache bila kuugusa. Kwa amplifaya yenye fyuzi ya ampea 40 na njia ya mita 5, weka kopa ya 16. Kwa ampea 60 hadi 80, weka 25. Waya wa bodi uwe na unene uleule, mfupi, ukifungwa kwenye bati lililokwanguliwa rangi. Fyuzi ikae ndani ya sentimita 45 kutoka betri, si karibu na amplifaya, kwa sababu kazi yake ni kulinda waya kutoka betri kwenda nyuma.

Fuso na malori mengine yanayobeba tumbaku kutoka Urambo na Kaliua yana volti 24, betri mbili mfululizo. Amplifaya ya volti 12 ikiungwa kwenye 24 inakufa. Wapo wanaochukua 12 kutoka betri moja ya chini. Inapiga, lakini betri hiyo inakosa chaji wakati ya juu inapata chaji ya kupita kiasi, na zote mbili zinaharibika. Nunua kibadilishi cha 24 kwenda 12 chenye ampea zinazozidi fyuzi ya amplifaya, hata kama ni lazima uchague amplifaya ndogo.

Bajaji isipewe zaidi ya amplifaya ndogo yenye fyuzi ya ampea 10. Chaji yake haitoshi na taa ya usiku itakuwa ya kwanza kulalamika.

Gari likikaa muda mrefu

Gari linalolala karibu na ghala la mahindi au stoo ya tumbaku huingiwa na panya, na panya hupenda ganda laini la waya wa spika kuliko ganda gumu. Vika sehemu zilizo wazi bomba la plastiki lenye mikunjo. Kabla ya kuwasha muziki baada ya gari kukaa wiki kadhaa, rudia kipimo cha hatua ya 9 kati ya kila waya na bodi, toa vituo vya spika kwenye amplifaya kwanza, kwa sababu ukipima vikiwa vimeungwa utasoma amplifaya yenyewe badala ya waya.